Ramani ya Konokono

Jumamosi moja, saa sita kasoro, duka la vifaa vya kompyuta lilijaa watu hadi mlango ukashindwa kufungika. Foleni ilianzia kaunta, ikapinda kwenye rafu za kibodi, ikaishia nje karibu na mashine ya soda. Fundi wa mitandao alikuwa wa tano. Alivaa suruali yake ya kazi yenye mifuko sita, shati jeupe lililokunjwa mikono, na kichwani kilemba cha rangi ya chungwa ambacho dada yake alisema kinaonekana toka mtaa wa pili. Mkononi alikuwa na pakiti ya vichwa vya waya, na alikuwa na haraka, maana kulikuwa na ofisi mbili zinamsubiri.

Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye shati la mistari lililopigwa pasi kifuani tu. Mgongo ulikuwa umeachwa na makunyanzi yake. Alikumbatia waya wa mtandao wa mita ishirini kama aliyebeba mtoto mgonjwa, akimweleza muuzaji kwa sauti ya upole kwamba huu ni wa tatu mwezi huu na anaomba uwe mzuri kweli, kwa sababu mtandao wake haueleweki.

Fundi alijiambia kwamba ya ngoswe amwachie ngoswe. Alijizuia kwa kama sekunde nne.

"Samahani kaka," akasema. "Mtandao wako mzito kwa kila kitu, au kwa kitu kimoja?"

Mwanamume akageuka. Alikuwa na macho makubwa yenye usingizi na alama ya wino kidevuni.

"Kwa kimoja," akasema baada ya kufikiri. "Video zinatiririka, barua zinafika. Ila kuna mchezo tunacheza mtandaoni na wenzangu, mimi ndiye mtengeneza ramani. Mtu akitaka kuingia lazima kwanza apakue ramani niliyoijenga. Nusu saa nzima. Wengi wanakata tamaa, wanaondoka."

"Na wewe ukiingia kwenye seva za watu wengine?"

"Dakika haifiki."

"Basi rudisha waya rafuni. Ugonjwa hauko kwako."

Muuzaji akakohoa kikohozi cha mtu anayeona mauzo yake yanatoka nje kwa miguu. Waya ulirudi rafuni, na yule mwanamume akaenda kusimama karibu na mashine ya soda. Fundi alipotoka alimkuta bado yupo, ameshika soda mbili. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo katika ofisi moja mjini. Usiku na mwisho wa wiki alichora za mchezo. Wenzake mchezoni walimpa jina la Konokono, kwa ajili ya zile nusu saa.

"Na wewe umekubali kuitwa hivyo?" Fundi akauliza.

"Nifanyeje, ni kweli," akajibu, na Fundi akacheka mpaka soda ikampalia.

Walikutana tena Jumanne baada ya kazi, ofisini kwa Konokono, katikati ya makaratasi ya michoro yaliyosokotwa na kusimamishwa kwenye ndoo. Fundi alivuta kiti, akafungua kwenye kompyuta seva ya mchezo, ile mashine inayouendesha, na hakuchukua hata robo saa kuona tatizo. Akamweleza kwamba seva ya mchezo ni mpishi. Wachezaji thelathini wote wanaitegemea, na kazi yake ni kukoroga sufuria. Ikizubaa, chakula kinaungua. Sasa Konokono alikuwa akiiagiza pia iwapakulie wageni wanaogonga mlango. Ilikuwa inapakua kweli, lakini kwa kijiko cha chai, huku mkono mwingine unakoroga.

"Kwa hiyo nimfukuze mpishi?"

"Kwa hiyo tumtafutie mpakuaji."

Mpakuaji huyo alikuwa ghala: mahali pa pembeni mtandaoni pa kuweka mafaili tu. Fundi alizibana ramani zote ziwe ndogo, akazipanga ghalani, kisha akaandika mstari mmoja kwenye mipangilio ya seva, wa kuwaambia wageni wakachukue ramani kule. Ramani iliyokuwa ikimeza nusu saa ilipakuliwa ndani ya sekunde kumi na mbili. Konokono aliirudia mara tatu ili aamini macho yake.

"Lakini shika neno hili," Fundi akamwonya. "Ghalani hakuna siri. Kila kilichomo, kila mtu anaweza kukichukua na kukifungua. Usichotaka kionwe, usikiweke."

Konokono aliitikia kwa kichwa na kuliandika neno hilo pembeni mwa mchoro wa choo cha hospitali.

Baada ya hapo hawakuhitaji tena kisingizio cha seva, ingawa kwa wiki mbili walijifanya wanakihitaji. Konokono alipiga simu kuuliza kama ghala linahitaji kufagiwa. Fundi alijibu kwamba linahitaji, na kwamba mfagiaji hula chakula cha mchana. Walitembea, walicheka, walinyang'anyana mwavuli. Kwenye simu alimwita "Fundi wangu", naye akamwita "Kono", na dada yake Fundi, nesi ambaye Fundi aliishi naye, alijifunza kuongeza sauti ya redio kila simu hiyo ilipolia. Lakini kulikuwa na jambo moja. Konokono alikuwa mtu wa kutengeneza, hakuwa mtu wa kusema. Alimtengenezea kishikio cha koleo, akamchorea nyumba ya dada yake kwa vipimo kamili, akamshonea mfuko wa saba kwenye ile suruali. Kutamka kwamba anampenda, hapana. Dada alisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Fundi alisubiri mshindo miezi mitano.

Ndipo kazini wakamwita. Kampuni ilikuwa inafungua tawi jipya katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na walitaka yeye awe mkuu wa mafundi huko. Walimpa fomu ya uhamisho ya kurasa mbili, airudishe Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Aliijaza yote jioni hiyohiyo, isipokuwa kisanduku kimoja kidogo kwenye ukurasa wa pili: Idadi ya watakaohama. Hapo kalamu ilisimama.

Alimwambia Konokono siku ya Jumatano, wameketi kwenye ngazi za ofisi yake na vikombe vya chai.

"Hongera sana," Konokono akasema. "Unastahili."

Kisha akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Fundi alingojea sentensi ya pili. Akaingojea mpaka chai ikapoa.

Isieleweke vibaya: Fundi hakutaka kubembelezwa abaki. Kazi aliitaka, tena kwa moyo wote. Alichotaka ni mwanamume huyu amwambie, kwa namna yoyote ile, kwamba aende au abaki, yeye ni wake. Mtu hawezi kulijibu swali ambalo hajaulizwa, na siku zilikuwa zimebaki tano.

Jumamosi simu ikalia.

"Fundi wangu, saa kumi utakuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Ingia kwenye seva yetu. Kuna ramani mpya. Nimeweka nenosiri, nakutumia."

"Kono, keshokutwa narudisha fomu. Umenipigia kunialika mchezoni?"

"Ingia tu. Tafadhali."

"Huwezi kuniambia kwa mdomo?"

Fundi alisikia karatasi inakunjwa na kukunjuliwa.

"Ningeweza," Konokono akasema, "ningekuwa nimeshasema."

 Saa kumi kasoro Fundi alivaa gauni lake la kijani na kupaka wanja, ingawa alijua fika kwamba mchezoni hakuna atakayemwona. Akaketi kwenye meza ya chakula, akafungua kompyuta, akaandika nenosiri. Kwenye kioo ukatokea mstari wa kupakua, nao ukaanza kujaa kutoka kushoto. Baada ya dakika kumi ulikuwa umefika asilimia nne.

Kwanza alicheka. Akampigia simu kuuliza kulikoni, akajibiwa asubiri kidogo. Alipouliza kidogo cha nani, Konokono alisema kidogo cha kwake, na wote wawili walicheka kwa wasiwasi. Ilipotimia nusu saa, asilimia kumi na tatu. Dada alipita na bakuli la matunda, akauona mstari, akarudi jikoni. Wanja ulianza kumwasha Fundi. Baada ya saa nzima na robo, kwenye asilimia thelathini na moja, muunganisho ukakatika, na mstari ukarudi sifuri.

Sasa hakucheka. Alijua kasi hiyo. Ile ilikuwa kasi ya kijiko cha chai. Akapiga simu.

"Hukuiweka ghalani."

"Sikuiweka," Konokono akakiri.

"Kwa nini?"

"Siwezi kukuambia sasa. Anza tena, Fundi. Nakuomba."

"Miezi mitano, Kono. Kitu kimoja tu nilichokufundisha, na hicho pia hukukishika. Kumbe hata nikisema, husikii."

Akakata, akazima simu, akavua gauni la kijani na kulitundika nyuma ya mlango. Usiku huo alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, au hivyo ndivyo alivyojiambia.

Asubuhi ya Jumapili alipowasha simu alikuta ujumbe wa jana yake saa moja jioni: "Nimekuelewa. Nenda salama, Fundi. Utafanya vizuri sana huko." Akausoma akiwa amesimama, akausoma tena akiwa ameketi. Fomu ilikuwa mbele yake mezani. Akachukua kalamu ili aandike namba moja kwenye kile kisanduku, jambo liishe.

"Ilikuwa na nini ndani?" dada akauliza. Alikuwa akipiga pasi sare yake ya kazi na hakuinua uso.

"Ndani ya nini?"

"Ya hiyo ramani."

"Sijui. Haikufika."

"Unalipwa kutafuta kwa nini vitu vya watu haviendi. Cha kwako kimekwama siku moja, unakiandikia cheti cha kifo." Dada akageuza mkono wa sare. "Mganga hajigangi, mdogo wangu. Nimeshaliona hilo wodini, sikujua liko na mezani kwangu."

 Fundi akaiweka kalamu, akavuta kompyuta. Fundi mzuri haruki hatua, kwa hiyo alianza mwanzo kabisa. Mtandao wa nyumbani: mzima. Akachukua ramani ya zamani kutoka ghalani: sekunde kumi na moja. Ghala: zima. Mstari wake ule mmoja kwenye mipangilio ulikuwa palepale alipouandika, hakuna aliyeugusa. Kila kitu alichokitengeneza kilifanya kazi. Mtu mmoja aliamua, kwa kukusudia, kuipitisha ramani hii moja kwa mpishi.

Ufunguo wa seva alikuwa nao toka siku ya kwanza. Hakuwahi kuutumia bila kuombwa, na hata sasa aliona haya kidogo, lakini aliingia.

Ramani iliitwa Foleni. Haikuwa faili moja. Kulikuwa na matoleo hamsini na saba, yamepangwa kwa tarehe, maana mtengeneza ramani huhifadhi upya kila anapobadilisha kitu. Fundi alishuka hadi la kwanza na kuitazama tarehe yake. Lilitengenezwa siku nne baada ya Jumamosi ile ya dukani, siku moja baada ya Jumanne ya ghala. Toleo la hamsini na sita lilikuwa la Jumanne iliyopita. La hamsini na saba, la Ijumaa. Katikati ya hayo mawili ilikuwa Jumatano, na chai isiyo na sukari.

Chini yake yakafuata mipangilio ya jana. Konokono aliifunga seva nzima kuanzia saa kumi. Orodha ya walioruhusiwa kuingia ilikuwa na mtu mmoja.

"Ghalani hakuna siri," Fundi akasema kwa sauti.

"Umesemaje?" dada akauliza.

"Alinisikia. Alinisikia mno." Akacheka, na macho yakamjaa maji kabla hajamaliza kucheka. "Hakutaka watu waione, kwa hiyo hakuiweka. Ndivyo nilivyomwambia mwenyewe."

Kwa ufunguo wake hakuhitaji kijiko wala ghala. Aliichukua Foleni moja kwa moja, karibu megabaiti mia tatu, na dakika tatu baadaye alikuwa amesimama ndani yake.

Alikuwa dukani. Rafu za kibodi zilikuwepo, mashine ya soda ilikuwepo, na tangazo la "Mali ikiuzwa hairudi" lilining'inia upande mmoja kama kawaida yake. Kwenye rafu ya waya palikuwa na pengo moja tupu. Akatembea, na duka likafunguka kuingia ofisini, kwenye ndoo za michoro, na viti viwili vilivyosogezwa karibu. Kilemba cha rangi ya chungwa kilitundikwa kwenye msumari, na kila mkunjo wake ulichorwa kwa mkono. Hicho ndicho kilichoifanya ramani iwe nzito, Fundi akaelewa. Konokono hakuazima picha hata moja. Akapita kwenye barabara ya mwavuli, akapanda ngazi za chai, mpaka akafika kwenye chumba ambacho hawajawahi kuwa nacho. Kilikuwa na meza mbili, moja ya nyaya na moja ya michoro, na kitanda ambacho mchoraji, kwa heshima, alikiweka nyuma ya pazia. Ukutani paliandikwa: "Fundi wangu, nakupenda. Maneno yamenishinda, ndiyo maana nimejenga. Utakubali tuoane?"

Fundi aliziba mdomo kwa mikono miwili. Dada aliacha pasi, akaja kusimama nyuma ya kiti.

"Na ule mlango?" dada akauliza.

Upande wa pili wa chumba palikuwa na mlango mpya. Rangi yake haikulingana na ya ukuta, kazi ya mtu aliyekuwa na siku mbili tu. Fundi akaufungua. Nje palikuwa na kituo cha basi, na kizingitini alikuwepo konokono mdogo na nyumba yake mgongoni, ameshaelekea barabarani. Chini yake paliandikwa: "Popote utakapohamia. Konokono hana cha kufungasha."

 Harufu ya sare inayoungua ndiyo iliyowazindua.

"Mpigie sasa hivi," dada akasema, akikimbilia pasi. "Na mwambie ramani haitoi posa. Aje na wakubwa zake."

Lakini Fundi hakupiga simu. Alikuwa amepata njia nzuri zaidi ya kujibu. Aliibana Foleni mpaka ikawa theluthi ya ukubwa wake, akaiweka ghalani, akaiondolea seva nenosiri na kuifungulia watu wote, akaifanya Foleni kuwa ramani ya siku. Mwisho akafungua yale maneno ya makaribisho ambayo kila mchezaji huonyeshwa mlangoni na hakuna anayeyasoma, akayafuta, akaandika mapya. Alipomaliza ilikuwa saa nane na nusu. Saa tisa, kama kila Jumapili, wachezaji wote wangeingia.

Saa tisa na dakika saba simu ikalia.

"Fundi." Konokono alikuwa anahema. "Kuna mtu ameiweka ile ramani ghalani."

"Mimi."

"Watu thelathini wamo ndani. Mwingine amenipigia analia, mtu mzima na ndevu zake. Wameona ukutani, Fundi. Niliificha ili ukikataa usiaibike mbele ya watu."

"Mimi tu nisiaibike?"

"Na mimi kidogo," akakubali.

"Umeyasoma maneno ya mlangoni?"

"Hayo nani huyasoma?"

"Leo yasome."

Akasikia kiti kinavutwa, kisha vidole kwenye kibodi. Kwenye kioo cha Konokono, kama kwenye vioo vyote thelathini, paliandikwa: "Karibuni. Mnaoingia, tembeeni mpaka chumba cha mwisho mkasome swali. Jibu lake ni ndiyo. Fundi."

Simu ilikatika. Alikuja kwa miguu, na bila shaka alikimbia, kwa sababu hazikupita dakika ishirini. Alitoka kwa mama yake. Alivaa viatu vya wazi vya mama yake, vyenye maua, na shati ambalo kwa mara ya kwanza lilikuwa limenyooshwa mbele na nyuma. Fundi alimfungulia akiwa na gauni la kijani.

"Nilidhani umeondoka mchezoni kwa sababu hunitaki," Konokono akasema.

"Na mimi nilidhani umenyamaza kwa sababu hunitaki. Sasa sema kwa mdomo."

Akafungua mdomo, akaufunga. Akatazama viatu vyake, akashangaa kuyaona maua.

"Inachukua muda," akasema.

"Nasubiri, Kono. Safari hii sikati."

Na Konokono akasema. Alisema yote, nakupenda na tuoane na popote, kwa sauti ambayo dada aliisikia vizuri kutoka jikoni hata bila kupunguza redio. Fundi alimshika mikono yenye wino na kumjibu ndiyo tena, ili jibu liwepo mahali pote.

Jumatatu saa nne asubuhi aliipeleka fomu kwa mkuu wake. Mkuu aliusoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akasita kwenye kile kisanduku kidogo.

"Wawili?" akauliza. "Itabidi niandike gari kubwa zaidi la mizigo."

"Hapana, lilelile linatosha," Fundi akasema. "Mwenzangu hana cha kufungasha."